Mama Kwa Nini na Mtihani Uliovuja Bila Mwizi

Saa mbili na robo asubuhi, kompyuta zote ishirini za chumba cha juu zimezimwa. Mapazia ya bluu yamefungwa nusu, feni inazunguka kwa uvivu, na harufu ya rangi inapanda ngazi kutoka duka lililo chini ya chuo. Nje ya mlango, kwenye benchi refu la mbao, watu kumi na sita wamekaa kimya kama wanaosubiri kung'olewa meno.

Ndani kuna meza moja, viti viwili, na mama wa miaka hamsini na mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi.

Mtahiniwa wa kwanza anaingia, anaketi, anatazama huku na huku akitafuta karatasi. Hakuna karatasi. Anatafuta kalamu. Hakuna kalamu.

"Haya, mwanangu," mama anaanza kwa upole. "Mtu yuko nyumbani kwake. Amefungua tovuti ya duka, ameandika jina lake na nenosiri, amebonyeza Ingia. Nani anaamua kama aingie au asiingie?"

"Ukurasa, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Kijana anakuna kichwa. Kisha anacheka kidogo, anasema, "Hapana. Subiri kwanza, Mwalimu. Nifikirie."

"Fikiri," mama anamwambia, anaegemea kiti. "Hapo ndipo mtihani unapoanza."

Wanafunzi wake wanamwita Mama Kwa Nini, na yeye analijua jina hilo na halimkeri. Kazi yake, katika chuo hiki kidogo cha ghorofa mbili, ni kufundisha na kuwapima wanaoanza kujifunza kutengeneza tovuti, na hasa ule upande ambao mgeni wa tovuti haoni: seva, yaani kompyuta iliyo mbali inayopokea maombi, inayokagua, inayotafuta na kurudisha jibu.

"Watu wanapenda rangi na vitufe," anasema. "Sebule. Mimi nafundisha jikoni. Hakuna anayepiga picha jikoni, lakini chakula kikiharibika, watu wanaumwa."

Karatasi na kalamu hazikuondoka chumbani humu kwa mapenzi yake. Hadi mwaka jana alikuwa anatahini kama wengine wote: maswali arobaini, chagua A, B, C au D. Kilichombadilisha ni juma moja ambalo hata leo akilisimulia, mkono wake unakwenda kwenye miwani bila yeye kujua.

Lakini ili mtu alielewe juma lile, lazima kwanza ajue alikotoka.

Kabla ya kuijua kompyuta, Mama Kwa Nini alikuwa opereta wa simu katika kampuni kubwa ya kusafirisha mizigo. Miaka kumi na miwili alikaa mbele ya ubao wenye matundu mia moja na ishirini, vifaa vya kusikilizia masikioni, akichomoa waya hapa na kuuchomeka pale.

"Mtu anapiga, anataka kuzungumza na mkurugenzi," anaeleza. "Je, anajiunganisha mwenyewe? Hapana. Ananiomba mimi. Mimi namuuliza: wewe nani, unatoka wapi, una miadi? Nikiridhika, namuunganisha. Nisiporidhika, namwambia mkurugenzi ana mgeni. Mimi nilikuwa seva kabla sijalisikia neno lenyewe."

Siku moja mafundi walileta sanduku la kijivu, kubwa kama jokofu, wakalifunga ukutani. Sanduku lile lilipokea simu zote lenyewe. Opereta wanne, yeye akiwemo, wakaagwa kwa soda na barua. Alikuwa na miaka thelathini na saba, watoto wawili shuleni, na mume fundi bomba ambaye kazi zake zilikuja kwa msimu.

Miezi minane alizunguka na vyeti vya uopereta ambavyo hakuna aliyevitaka. Mwishowe akapata kazi ya usafi katika chuo hiki hiki. Alifagia vyumba sita, akapiga deki ngazi, akapangusa kompyuta ambazo hakuruhusiwa kuziwasha.

Aliyemruhusu ni katibu muhtasi wa chuo, mama mwenzake aliyemzidi miaka mitatu, mwenye mwandiko mzuri na ulimi mkali. Alimkuta amesimama mlangoni, ufagio mkononi, anamsikiliza mwalimu wa wakati ule anavyoeleza namna ombi linavyosafiri kutoka kwa mtu hadi kwenye seva.

"Akaniuliza, 'Wewe unafagia au unasoma?' Nikamwambia, 'Dada, nisamehe.' Akasema, 'Sikukuuliza hivyo.' Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, akanipa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Akaniambia, 'Saa moja. Ukiharibu kitu, sikujui.'"

Mwaka mmoja na nusu alijifunza hivyo, mkate mkono mmoja, mkono wa pili kwenye kibodi. Mara ya kwanza kufanya mtihani alipata kumi na moja kati ya arobaini, kwa sababu alikariri. Mara ya pili alipata thelathini na sita. Miaka minne baadaye akapewa darasa, na mshahara uliokuwa mara tatu ya ule wa ufagio. Na kila siku ya kazi, tangu siku ya ufunguo, yeye na katibu muhtasi walikula pamoja mchana kwenye meza ile ile karibu na dirisha.

Miaka kumi na mitatu. Watu wa chuo waliwaita Kulwa na Doto, kama mapacha.

Sasa, mwaka jana, darasa lake lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne waliomaliza miezi sita ya mafunzo. Kampuni moja inayotengeneza mifumo ya kompyuta iliahidi kuwachukua wanne kwa kazi. Ilitaka majina kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa chuo kidogo kama kile, hiyo ilikuwa bahati ya mtende, na mkuu wa chuo alikuwa anatembea kwenye korido akipiga mluzi.

Mtihani ulifanyika Jumatatu. Jumanne asubuhi, Mama Kwa Nini alikaa na karatasi na kalamu nyekundu.

Karatasi ya kwanza, arobaini kati ya arobaini. Akatabasamu. Ya pili, thelathini na tisa. Ya tatu, arobaini. Alipofika ya sita, tabasamu lilikuwa limekauka. Kulikuwa na swali moja, la ishirini na saba, ambalo yeye mwenyewe alikosea: jibu sahihi halikuwemo kabisa kati ya yale manne. Mwanafunzi aliyefikiri angeinua mkono kuuliza. Wote walikuwa wameweka C.

"C ndilo lililokuwa kwenye majibu yangu," anasema. "Nililiandika kwa makosa. Kwa hiyo hawakuona maswali tu. Waliona na majibu."

Kumi na watatu walipata thelathini na nane au zaidi. Mmoja tu alipata ishirini na sita, na swali la ishirini na saba aliliacha wazi, akaandika pembeni: "Mwalimu, hapa naona hakuna jibu."

Huyo mmoja alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu ambaye wenzake walimwita Afande. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbao kwa miaka tisa kabla ya kuamua kusoma. Alikuwa mpole, mzito wa kuandika, na simu yake ilikuwa ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea tu.

Mama Kwa Nini alipeleka karatasi kwa mkuu wa chuo. Mkuu akazipekua, akashusha pumzi, akauliza lile swali ambalo yeye alikuwa amelikimbia njia nzima.

"Nani mwingine alikuwa na mtihani, Mwalimu?"

"Mimi. Na katibu muhtasi, aliyeuchapisha."

"Na mtoto wa dada yake si yumo darasani?"

"Yumo."

"Amepata ngapi?"

"Arobaini."

Kesho yake mchana katibu muhtasi aliitwa ofisini, akatoka baada ya dakika kumi, akachukua mkoba wake na kikombe chake cha chai. Alipita mbele ya meza ya dirishani ambako rafiki yake alikuwa amekaa na sahani yake.

"Na wewe unaamini?" alimuuliza.

Mama Kwa Nini alitazama sahani.

"Basi," katibu muhtasi akasema, akashuka ngazi.

Wanafunzi waliambiwa kwamba mtihani ulikuwa na dosari na utarudiwa Jumatatu inayofuata. Kuhusu katibu muhtasi, waliambiwa yuko likizo. Na yeye mwenyewe, kwa aibu, aliwaambia hivyo hivyo watu wa nyumbani kwake, hata yule mtoto wa dada yake.

Jioni ile, anakumbuka, mume wake alikuwa ameinama chini ya sinki la jikoni akibadilisha mpira wa bomba. Alimsimulia yote. Mume akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Umeshaona maji sakafuni," alisema. "Umeshajua yanatoka wapi?"

"Mtu mwingine hakuwa nao, baba watoto."

"Sijakuuliza nani. Nimekuuliza wapi."

Alikasirika. Alimwambia habari za shule si habari za mabomba. Usiku ule walilala wamepeana migongo.

Kwa ajili ya mtihani wa pili hakuandika chochote. Kama hakuna karatasi, alijiambia, hakuna cha kuiba. Angekaa na kila mwanafunzi ana kwa ana, kompyuta zimezimwa, amuulize maswali machache na kila jibu amwongezee "kwa nini?". Mkuu wa chuo hakupenda. Alihofia kwamba watu wengi wangeanguka na kampuni ingekosa watu wake.

"Bora wakose wanne," alimjibu, "kuliko wapate wanne wasiojua nenosiri linahifadhiwaje."

Jumatatu ikafika. Waliingia mmoja mmoja. Wengine walijikaza wakaeleza vizuri kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtia huzuni zaidi. Kwa nini mtu anayejua achukue cha wizi? Mmoja alilia kabla hajaulizwa kitu. Akampa maji, akamwambia akae nje kwanza apumue, atarudi baadaye.

Wa saba kuingia alikuwa Afande. Alivua kofia, akaiweka gotini, akakaa wima.

"Nimetengeneza tovuti ya shule," Mama Kwa Nini alianza. "Ina ukurasa wa matokeo ambao mkuu peke yake anatakiwa auone. Nimeficha kitufe chake. Mwalimu wa kawaida akiingia, hakioni. Je, nimeulinda ukurasa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeficha kitasa, hujafunga mlango. Mtu akiijua anwani ya ukurasa, ataiandika mwenyewe na ataingia. Ukaguzi lazima uwe kwenye seva. Kila ombi likija, seva iulize: huyu ni nani, na anaruhusiwa?"

"Na kwa nini nisiuache ukurasa wenyewe ukague?"

"Ukurasa ukishafika kwa mgeni, uko mkononi mwake. Anaubadilisha anavyotaka. Ni kama kule lindoni, nimpe mgeni daftari langu ajiandikie mwenyewe kwamba ameruhusiwa kupita."

Mama Kwa Nini anasema alitaka kumkumbatia. Katika miaka yote ya kutahini hakuwahi kupata jibu lililonyooka namna ile. Akaanza kumwambia inatosha, aende akapumzike. Lakini Afande alikuwa bado anaendelea.

"Kama ule mtihani wetu wa kwanza, Mwalimu."

"Mtihani gani?"

"Ule wa karatasi. Si ulikuwa wazi kwenye tovuti ya mazoezi?" Akamtazama mwalimu wake, na uso wa Afande ukaanza kubadilika. "Mwalimu, mimi nilidhani uliambiwa."

Mama Kwa Nini hakuwa ameambiwa kitu.

Akainuka, akawasha kompyuta moja. Alikosea nenosiri lake mara mbili. Akampisha kiti. "Nionyeshe."

Afande aliingia kwa jina lake la mwanafunzi katika tovuti ya mazoezi ya chuo, ile ambayo Mama Kwa Nini aliitengeneza kwa mkono wake miaka miwili nyuma. Kulikuwa na mazoezi matatu. Akafungua la tatu. Juu kabisa, kwenye anwani ya ukurasa, mwishoni kulikuwa na namba 3. Akaifuta. Akaandika 4.

Mtihani wa mwisho ukafunguka wote, maswali arobaini na majibu yake.

"Mimi nina ugonjwa huo," Afande alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Miaka tisa kazi yangu ilikuwa kupita mlango kwa mlango na kujaribu kila kitasa. Jumatano ya kabla ya mtihani nilikuwa nafanya mazoezi, nikaona tatu, nikajiuliza, nne je? Ulipofunguka nilishtuka. Nilisoma maswali mawili, nikaufunga. Nikamwambia jirani yangu wa mezani, 'Huu mlango uko wazi, twende tukamwambie Mwalimu.' Akaniambia, 'Kaa, nitamwambia mimi.'"

Jirani hakumwambia mtu. Aliufungua, akaunakili, akautuma kwenye kundi la simu la darasa. Afande, na simu yake ya vitufe, hakuwemo katika kundi hilo. Kufika jioni, watu kumi na watatu walikuwa nao, pamoja na ile C ya swali la ishirini na saba.

Mama Kwa Nini alifungua kumbukumbu za seva, yaani daftari ambalo seva hujiandikia kila ombi linapoingia: saa ngapi, kutoka kwa nani, na limeomba nini. Daftari hilo alikuwa nalo siku zote. Hakuwahi kulifungua.

Yote yalikuwemo. Jumatano, saa saba na dakika nane mchana, Afande, mara moja. Dakika tatu baadaye, jirani yake. Na faili la kuchapisha alilompelekea katibu muhtasi? Alilipeleka Ijumaa asubuhi. Siku mbili baadaye.

"Nilijikuta nacheka," anasema, na hata sasa anapolisimulia anacheka. "Afande akadhani nimerukwa na akili. Nacheka na machozi yananitoka. Hakuwa yeye. Unaelewa? Wiki nzima nilikuwa nimebeba jiwe kifuani, na sikujua uzito wake mpaka lilipodondoka. Hakuwa yeye."

Furaha ile ilidumu kama dakika mbili. Halafu akafungua programu yake mwenyewe, mistari aliyoiandika kwa mikono yake, akaona alichofanya. Mtihani aliutungia humo humo kwenye tovuti kabla ya kuupeleka kuchapishwa, na kiungo chake alikuwa amekificha kisionekane kwa wanafunzi. Ukaguzi wa seva hakuuweka. Juu ya mstari ule alikuwa amejiandikia ujumbe: "Nitarudi kuongeza ukaguzi hapa." Hakurudi.

Somo lile lile analolifundisha juma la pili. Somo lile lile ambalo Afande alikuwa amelijibu kwa ufasaha dakika tano kabla.

Hafichi kilichofuata. Anasema alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akijua kwamba mistari mitatu tu ingeziba tundu lile. Afande hakuwa mtu wa kusema ovyo. Mkuu wa chuo hajui kusoma programu. Angeweza kumwambia mkuu kwamba amechunguza na katibu muhtasi hana hatia, bila kueleza zaidi, na mambo yakaisha kimya kimya.

"Nilimpigia mume wangu. Nikamwambia, 'Baba watoto, nimejua maji yanatoka wapi.' Akauliza, 'Wapi?' Nikamwambia, 'Kwangu.' Akasema, 'Basi usiweke kitambaa.'"

Akaziba tundu. Kisha akaenda kwa mkuu, na daftari la seva limechapishwa, ile mistari yake mwenyewe imepigiwa wino mwekundu kama karatasi ya mwanafunzi aliyeanguka.

Mkuu alisoma muda mrefu. Akavua miwani.

"Unajua naweza kukuachisha kazi kwa hili?"

"Najua."

"Na yule mama yuko nyumbani siku ya tano leo."

"Ndiyo maana nimekuja mbio."

Mkuu alitazama dirishani. Kisha, anasema Mama Kwa Nini, akafanya jambo ambalo hakulitarajia kwa mtu mwenye cheo. Akachukua koti. "Wewe uliacha mlango wazi, lakini mimi ndiye niliyemtoa mtu nje," akasema. "Twende wote."

Walimkuta katibu muhtasi uani kwake, mikono imezama kwenye beseni la sabuni. Kamba nzima ya nguo ilikuwa imejaa mapazia.

"Karibuni," katibu muhtasi alisema bila kuinuka. "Siku tano nimefua kila pazia la nyumba hii, hata yasiyochafuka. Nikimaliza nitaanza ya jirani."

Mkuu aliomba radhi kwanza, kwa maneno machache yaliyonyooka. Mama Kwa Nini alifuata, akaeleza yote: namba tatu, namba nne, ukaguzi ambao hakuuweka. Katibu muhtasi alimsikiliza huku akikamua pazia mpaka tone la mwisho.

"Kwa hiyo mwizi hakuwepo."

"Hakuwepo. Nilikuwepo mimi."

"Nyani haoni kundule," akasema. Akatundika pazia. Akarudi, akakaa kwenye kigoda. "Uliamini kweli, mwenzangu?"

"Siku mbili niliamini."

"Na siku tatu zilizobaki?"

"Sikuamini tena. Lakini niliogopa kukupigia."

Katibu muhtasi alizamisha pazia jingine kwenye beseni. "Hizo tatu ndizo zinazoniuma," akasema mwisho. "Hizo mbili nakusamehe. Hata mimi ningejishuku, mtoto wa dada yangu kupata arobaini. Yule hata kuhesabu sahani ni shughuli."

Wakacheka wote watatu, mkuu kwa woga kidogo. Lakini katibu muhtasi hakurudi kazini hivi hivi. Alitaka aliyeambiwa uongo aambiwe ukweli. Jumatano, wanafunzi na walimu wote walikusanywa korido ya chini. Mkuu akasema kwamba katibu muhtasi hakuwa likizo, alishukiwa kwa makosa. Mama Kwa Nini akasimama, akasema kosa lilikuwa la nani na lilikuwa wapi. Yule mtoto wa dada alilia mpaka akashikwa bega na katibu muhtasi mwenyewe. Mchana, meza ya dirishani ilikuwa na watu wawili tena.

Matokeo ya mtihani wa mdomo yalikuwa haya: tisa walifaulu pale pale, Afande akiwa wa kwanza. Watatu waliomba juma moja zaidi, wakafaulu. Wawili, mmoja wao yule jirani wa Afande, walirudia kozi nzima, na jirani huyo alifaulu miezi sita baadaye bila kunakili kwa mtu. Kampuni ilipata majina yake manne siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Jina la kwanza lilikuwa la mlinzi wa ghala la mbao.

Afande sasa kazi yake ni kujaribu mifumo kabla haijapelekwa kwa wateja. "Nalipwa kujaribu vitasa," anasema. "Tofauti ni kwamba sasa niko kivulini, na mbwa hakuna."

Mkuu wa chuo, aliyehofia mtihani wa mdomo kuliko wote, ndiye anayeutangaza sasa kwenye vipeperushi vya chuo. Mama Kwa Nini alipewa onyo la maandishi. Amelihifadhi ndani ya bahasha, kwenye droo moja na barua ya kuachishwa uopereta.

"Nilipewa adhabu ninayoistahili na kazi yangu ikabaki," anasema. "Watu wangapi hupata hivyo? Nikilala sasa, nalala."

Amebakiza miaka minne kustaafu. Kila Jumapili mchana anaandika kijitabu cha maswali sitini kwa wanaoanza, kwa Kiswahili cha kawaida, bila majibu nyuma. Amefika swali la arobaini na tatu. Mume wake, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, husoma kila swali, na lile asilolielewa hulikata, hata kama mwandishi analipenda. Lengo la Mama Kwa Nini ni kukigawa kijitabu hicho kwa yeyote anayejifunzia nyumbani na hana wa kumuuliza "kwa nini".

Lakini kuna mtihani mmoja ambao hatautunga. Darasa jipya lililoanza mwezi uliopita lina mwanafunzi wa miaka hamsini na minne, ambaye asubuhi huchapa barua za chuo na alasiri hukaa dawati la mbele, akiuliza maswali yanayowachelewesha wenzake kwenda nyumbani. Katibu muhtasi amesema anataka kukijua kitu kilichomweka nyumbani siku tano.

Siku ya mtihani wake, Afande ameshakubali kuja kumtahini.

"Mimi siwezi kukaa upande wa pili wa meza ile, nimuulize yeye," anasema Mama Kwa Nini, anavua miwani na kuifuta kwa pindo la nguo. "Nitakaa nje, kwenye benchi. Nitamsubiri atoke."